Maneno ya Jikoni kwa Ilda

Siku hiyo Nives Comuzzi alivaa gauni la kijani, lile ambalo Gaspard aliapa kwamba likipita mbele yake maktabani anasoma mstari uleule mpaka macho yanamuuma. Chini ya gauni alivaa soksi nene za sufu, maana Februari ya Geneva haijali mtu ana mapenzi au hana. Akajipulizia manukato, akayaona kidogo, akaongeza. Mchumba wako anapokwenda kutetea tasnifu yake ya udaktari, halafu wiki nzima umemwona anapapasa mfuko wa koti kama mtu mwenye upele, huendi unanuka sabuni ya vyombo.

Pete ilikuwa mfukoni humo. Nives alijua, mama yake alijua, na nadhani hata mlinzi wa mlangoni alijua.

Walianzana maktabani, kwenye chuo cha kando ya ziwa ambako Nives naye alikuwa akisomea shahada ya pili, historia na siasa za kimataifa. Gaspard Rochaz alikuwa akija na machenza, anayamenya chini ya meza kwa wizi, anatoa zile nyuzi nyeupe moja moja, kisha anasogeza vipande juu ya kitabu cha Nives bila neno. Wanaume wa kukununulia maua wapo wengi. Wa kukutolea nyuzi za chenza utampata wapi? Nives aliangukia hapo, akaanguka vizuri.

Basi ukumbi ulijaa. Utetezi wa tasnifu pale ni wa wazi, anayetaka aje, na ndugu za mtahiniwa ndio wanaoandaa vinywaji na vya kutafuna vya baadaye. Bi Solange, mama yake Gaspard, alileta divai nyeupe na vijiti vya chumvi vyembamba kama yeye mwenyewe. Hakuwa amempenda Nives hata siku moja. Aliwahi kumwuliza mwanawe, mlango ukiwa wazi kusudi, "Hivi kweli kwenye chuo kizima umemwona huyo tu wa mpishi wa shule?" Na huyo mpishi wa shule, Ilda Comuzzi, aliamka gizani akakaanga frico, ile mikate minene ya jibini na viazi ya kwao Friuli, kaskazini mwa Italia, sinia mbili, akazifunika kwa taulo, akazipakata kwenye tramu kama watoto mapacha. Sasa alikuwa amekaa pembeni mwa Nives, mikono juu ya mkoba, amejipaka rangi ya mdomo.

"Anaongea vizuri," alinong'ona. "Ila amekonda. Mkioana nitamshughulikia."

"Mama, shsh."

Gaspard alikuwa akieleza jinsi serikali ya Italia na ya Uswisi zilivyopatana juu ya vibarua wa msimu. Waliruhusiwa kuja kujenga nyumba na mabwawa, lakini bila mke, bila mtoto. Walioshindwa kuwaacha watoto wao walikuja nao kwa siri na kuwafungia vyumbani. Nives aliyajua hayo, kila mwanafunzi pale aliyajua. Alikuwa anaangalia midomo ya Gaspard, hasikii sana inachosema.

"Na sasa," Gaspard alisema, "naomba tumsikilize shahidi wangu. Nimemwita Shahidi wa Saba. Sauti nimeibadilisha asitambulike, lakini sikuondoa sauti za nyumba. Huo ndio uaminifu wa mtafiti."

Akabonyeza.

Spika zilikwaruza kidogo. Ikatoka sauti nzito iliyopotoshwa, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. *Nilikuwa na miaka sita. Mchana kutwa pazia limefungwa. Mwenye nyumba akiwa chini, siruhusiwi kutembea, siruhusiwi kucheka. Kikohozi kikinibana nakohoa ndani ya buti la baba. Buti lilinuka saruji na miguu. Mpaka leo nikinusa saruji nabanwa na mkojo.*

Mjumbe mmoja wa jopo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Maelezo ya kupendeza mno," alisema.

Nives aliona vibaya. Maskini wa watu, alijisemea.

Kisha kwenye spika pakasikika birika la kahawa likichemka, koro koro koro. Mlango ukafunguliwa kwa mbali. Na sauti nyingine ikaita, hii hakuna aliyeibadilisha, changa, kavu, isiyo na habari:

*"Mama! Taulo safi umeweka wapi?"*

Ukumbi mzima ukacheka. Ni kweli ilichekesha, huyu analilia utoto wake na yule anadai taulo.

Nives hakucheka. Sauti ile ilikuwa yake.

Alikumbuka hata maji yalivyomdondoka mgongoni. Jumapili, nyumbani kwa mama, mtaa wa Jonction. Gaspard jikoni anamsindikiza Ilda kwa maongezi, yeye bafuni anaimba. Aligeuka polepole. Mama yake alikuwa ametazama mbele, ameketi vilevile, isipokuwa ile rangi ya mdomo ilikuwa imebaki peke yake usoni. Damu yote ilikuwa imeondoka.

"Mama," Nives alinong'ona. "Ni wewe?"

Ilda alimshika goti na kulibana, kama mtu anavyombana mtoto kanisani asilete aibu.

Kuanzia hapo Nives hakusikia tena maswali wala majibu. Kitu fulani kilimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, cha uvuguvugu, kama maziwa yaliyochacha. Miaka ishirini na sita amekuwa mtoto wa mwanamke huyu. Amelala kitanda kimoja naye akiumwa, amevaa viatu vyake. Hakuwahi kuambiwa. Na pale mbele amesimama mtu aliyekuwa akijua tangu Jumapili ile, akatoka jikoni akamkaushia nywele kwa taulo lilelile, akambusu shingoni, akasema una harufu nzuri. Nives alijipapasa shingo pale alipobusiwa. Akafuta.

Jopo lilitoka, likarudi. Sifa za juu kabisa. Kitabu kitachapishwa. Mwenyekiti alisema sehemu ya mashahidi ndiyo roho ya kazi nzima. Watu wakasimama wakapiga makofi, na Ilda naye akasimama akapiga, makofi madogo, vidole kwa vidole.

"Mama, twende nyumbani," Nives alisema.

"Na chakula?"

"Chakula kitupwe!"

"Watu wamekuja kula, mwanangu. Sijawahi kuwaacha watu na sahani tupu, na sitaanza leo."

Na kweli, alikwenda kwenye meza, akafunua sinia, akaanza kuwagawia. Nives alimfuata kwa sababu miguu ilikuwa haijui pa kwenda. Mjumbe yule wa jopo aliyecheka, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuja na sahani yake, akang'ata frico, mafuta yakamchuruzika kidevuni.

"Mm! Bibi, hiki ni nini? Ni kitamu sana." Alitafuna akiongea. "Ulikuwemo ndani? Ulisikia ile habari ya buti? Mimi nimesoma tasnifu nyingi, lakini lile buti, lo! Lile buti ni dhahabu."

"Kula, kitapoa," Ilda alimwambia. Akamwongezea kipande.

Nives alitazama kile kidevu kinachong'aa mafuta akaona atatapika palepale juu ya vijiti vya chumvi vya Bi Solange. Na Bi Solange mwenyewe, kana kwamba ameitwa, akatokea na glasi yake. Alikuwa na masikio ya paka yule mama. Na ile sauti iliyodai taulo aliijua, maana amekuwa akiichukia mwaka mzima.

"Nives, mpenzi wangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kumbe shahidi ndiye mama yako! Mbona hamkusema? Mimi nilidhani nyie ni watu wa hivihivi tu. Kumbe Gaspard alikuwa na hazina ndani ya familia!"

"Hazina?"

"Si umewasikia? Roho ya kazi nzima." Akamgusa mkono. Vidole vilikuwa baridi na vina unyevu wa glasi. "Sasa naona. Sasa hata mimi nina cha kuwaambia watu wangu kuhusu nyinyi."

"Bi Solange," Nives alisema, "mwaka mzima nimeomba unipende. Naomba uache."

Aliuondoa mkono ule kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa konokono kwenye mboga, akaenda kumtafuta Gaspard.

Alimkuta kwenye chumba cha makoti, peke yake, amejiegemeza kwenye koti la mtu, anapumua. Alipomwona uso ulimfunguka wote. Hapo ndipo pabaya. Moyo wa Nives ulifanya kile ulichozoea kufanya kila akimwona, ukaruka. Alitamani kuupiga kofi.

"Daktari Rochaz mbele yako!" Gaspard alisema, akafungua mikono. "Njoo basi. Mbona uso huo? Mbona mkali?"

"Usinishike."

"Nives."

"Nimesema usinishike. Ulimrekodi mama yangu."

Mikono ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Hakuuliza mama yupi. Walau hilo.

"Sauti nilibadilisha," alisema. "Jina halimo, mtaa haumo. Hakuna atakayejua."

"Mimi nimejua! Nilikuwepo, Gaspard! Nimo humo ndani naomba taulo!"

"Hilo lilinipita..."

"Halikukupita. Ulisema mwenyewe kwa mdomo wako, sikuondoa sauti za nyumba. Uaminifu. Umewaletea watu sauti yangu nikiwa uchi bafuni ukaita uaminifu."

"Nisikilize basi. Nilikuwa nimekwama. Nina mikataba, nina hotuba za mabalozi, kila kitu kimekauka, profesa ananiambia hakuna mtu ndani ya kazi yako. Halafu mama yako, anamenya viazi tu, anaanza. Sikumwuliza! Alianza mwenyewe. Simu ilikuwa pale karibu na mkate..."

"Ilikuwa pale, au uliiweka pale?"

Gaspard alianza kunyoosha kola ya lile koti la mtu.

"Uliiweka."

"Niliisogeza," alisema Gaspard.

Nives alicheka, kicheko kibovu. Vidole vile. Vidole vya nyuzi za chenza. Aliviona vikisogeza simu polepole kando ya mkate huku macho yakimtazama mama yake kwa huruma, na ngozi ikamsisimka mpaka utosini.

"Kwa nini hukumwomba ruhusa baadaye?"

"Niliogopa atakataa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba atakataa."

"Nilijua kwamba ni muhimu! Nives, wewe unasoma hapa hapa, wewe ndiye wa kunielewa. Watoto wale hakuna anayewajua. Nilitaka watu wajue."

"Mimi nilikuwa wa kwanza kutaka kujua. Umelala na mimi muda wote huu unajua kwamba mama yangu alikuwa akikohoa kwenye kiatu, na mimi sijui. Ulikuwa unanitazama nikigombana naye kuhusu mapazia, kwa nini kila siku anafungua mapazia hata watu wanatuona tukila, na wewe unajua kwa nini! Unanywa supu tu!"

Gaspard alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli, Nives aliyajua. Hilo nalo lilimchefua. Alikuwa mtu mwenye huruma kabisa, na huruma yake haikuwa imemzuia kitu.

"Nakupenda," alisema. Akatia mkono mfukoni. "Nilitaka iwe mle ndani mbele ya watu wote..."

"Mbele ya watu wote. Wewe mambo yako yote lazima mbele ya watu wote." Aliitazama pete. Ilikuwa nzuri, ya zamani, ina jiwe dogo la buluu. Alikuwa ameshaiota, na katika ndoto hiyo alikuwa amelia. "Irudishe kwanza. Nitakuuliza jambo moja. Ukinijibu vizuri, Gaspard, naapa nitaivaa hapa hapa, kati ya makoti, na mama yako aje kuona."

"Uliza."

"Itoe ile sehemu. Kitabu hakijachapishwa. Mtoe mama humo."

Nje ya mlango watu walicheka juu ya kitu fulani, glasi ziligongana. Gaspard alifungua mdomo. Nives alimtazama kwa hamu ya ajabu, mwili wote unamwomba, sema ndiyo, mjinga wee, sema ndiyo na mengine tutayatengeneza.

"Yote?" Gaspard aliuliza.

"Yote."

"Unajua wamesema ndiyo roho ya..."

"Nimewasikia."

"Labda nipunguze. Buti libaki, taulo litoke."

Nives alinyoosha mkono akachukua koti lake.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema Gaspard. "Niongee na profesa kwanza."

Kile cha uvuguvugu kilichokuwa kooni kilishuka chenyewe, kikatulia. Pakabaki patupu, na baridi. Alimwona Gaspard wazi kabisa, kama unavyoona sahani uliyolia chakula ukidhani ni safi: paji la uso, pua nzuri, kipande cha jibini la mama yake kati ya meno mawili ya mbele. Alikuwa amekula frico tayari, baada ya yale yote.

"Umeshiba?" alimwuliza.

"Nini?"

"Una kitu kwenye meno."

Gaspard alifunika mdomo kwa mkono. Wakati huohuo Ilda alitokea mlangoni, sinia zote mbili mkononi zimefunikwa, moja bado imejaa. Meza ndani ilikuwa imebaki na vijiti vya chumvi na watu wanaoulizana kile kitamu kimekwenda wapi.

"Mama," Gaspard alisema, "Mama Ilda, nisamehe. Nilitaka dunia ijue yaliyokupata."

Ilda alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na aibu, na Nives hakuweza kustahimili kuiona aibu hiyo kwa mtu asiyekuwa na kosa.

"Dunia ya nani, baba?" Ilda alisema. "Mimi sikuwa naongea na dunia. Nilikuwa naongea na mkwe wangu."

Gaspard alirudisha mkono mdomoni, na udaktari wake wote.

"Nishikie hii, Nives," Ilda alisema, akampa sinia iliyojaa. "Ni nzito."

Walitoka. Nives hakugeuka, ingawa nasema kweli, shingo ilimvuta mpaka kwenye lango. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani, ule mkavu wa kukata masikio. Kituo cha tramu kilikuwa na benchi moja na kijana wa kiume na wa kike wanabusiana kana kwamba wamelipwa. Ilda aliwatazama mpaka wakaona haya wakahamia ng'ambo. Akakaa. Akafunua sinia, akampa binti yake kipande.

"Sitaki, Mama. Nina kichefuchefu."

"Ndiyo maana nakupa. Tumbo tupu ndilo linalotapika."

Nives alikishika tu mkononi. Vuguvugu lake lilipenya kwenye glovu. Machozi sasa yalikuja yenyewe, na pua nayo, akajifuta kwa mkono wa koti kama mtoto wa chekechea.

"Kwa nini yeye, Mama? Kwa nini ulimwambia yeye, mimi hukuniambia?"

Ilda alitafuna, akameza.

"Wewe ungelia. Ona, unalia. Yeye alikuwa anakula. Mtu anayekula ni rahisi kumwambia." Alitazama barabara. "Na nilitaka kujua ataniangaliaje. Nilisema, kama atamchukua mwanangu, na ajue anaingia nyumba gani. Akaniangalia vizuri. Vizuri sana. Nikasema basi, huyu ni wetu."

"Alikuwa anakurekodi."

"Ndiyo. Sasa najua."

"Nilimpenda, Mama."

"Hata mimi nilimpenda. Nilikuwa nimeshamfumia sweta, mjinga mimi. Limebaki mkono mmoja." Alivuta pumzi. "Jamani, ana mikono mirefu yule mtu!"

Nives alicheka na makamasi yakamtoka. Tramu ilikuja, taa zake za ndani za manjano, joto likionekana kwenye vioo. Milango ikafunguka mbele yao. Nives alisimama na sinia yake. Ilda hakusimama.

"Mama, ni yetu hii."

"Iache iende."

"Utaganda hapa."

"Kaa chini. Nikiingia mle ndani penye joto sitasema, najijua."

Milango ilijifunga. Tramu ikaondoka, ikawaachia giza na mlio wa nyaya. Nives alikaa. Kichwani maswali yalikuwa yamejipanga kwa mazoea ya shule, lini, wapi, nani alikuwepo, yote mazuri, yote yamenyooka. Aliyaona, akayachukia, akayaacha yaondoke na tramu. Alimsogelea mama yake mpaka makoti yakagusana, akang'ata frico, akatafuna.

Ilda alimwangalia anavyokula. Alingoja mpaka ameng'ata tena.

"Yule sikumwambia yote," alisema. "Mle chumbani tulikuwa watoto wawili."